Dhamana ya Karanja

Tarehe 3 Julai 2020, huko Kenilworth nchini Uingereza, alifariki mzee aitwaye Earl Cameron. Alikuwa na umri wa miaka 102. Wanaojua sinema walimkumbuka kwa heshima, na alistahili: alikuwa miongoni mwa watu weusi wa kwanza kupewa nafasi ya maana katika filamu za Waingereza. Sina ugomvi na heshima hiyo. Ila katika orodha ndefu ya kazi zake kuna filamu moja ambayo Mwingereza anaweza kuipita mbiombio, lakini sisi wa huku hatuwezi. Inaitwa Simba, ilitoka mwaka 1955, na inahusu Mau Mau. Ndani yake Cameron ni daktari Mgikuyu, jina lake Karanja.

Swali langu nitalitoa mapema kabla sijaanza kuzunguka. Filamu ikisema uongo, je, mwigizaji aliyemo ndani yake naye amesema uongo? Wala simsemi stelingi, yule ambaye picha yake ndiyo inayobandikwa ukutani. Namsema mwigizaji wa jina la nne au la tano, anayekuja akasema maneno yake machache, akafa kabla ya mwisho, akaenda zake kuchukua ujira. Huyu ana dhamana gani?

Najua msomaji mmoja atasema, "Aa, si sinema tu hiyo bwana!" Basi anivumilie kidogo, maana hata yeye ana hakika kwamba anajua Mau Mau walikuwa watu wa namna gani, na hebu ajiulize picha zilizo kichwani mwake alizipata wapi.

Cameron alizaliwa Pembroke, kisiwani Bermuda, tarehe 8 Agosti 1917. Bermuda ilikuwa koloni la Mwingereza na bado iko chini ya taji lake. Huko kwao, hadi mwaka 1959, watu weusi na weupe walitengwa viti ndani ya majumba ya sinema, mpaka watazamaji walipogoma na utaratibu huo ukavunjika. Kijana huyu alikuwa baharia. Meli ilimfikisha London mwishoni mwa mwaka 1939, vita vikiwa vimeshaanza, na kazi aliyoipata ni kuosha vyombo. Mwaka 1941 akaingia jukwaani kwa bahati, kwa sababu mtu mwingine hakutokea kazini katika mchezo wa Chu Chin Chow. Baadaye alifundishwa kutumia sauti na Amanda Aldridge, binti wa Ira Aldridge, yule Mmarekani mweusi aliyecheza Shakespeare huko Ulaya katika karne ya 19. Tazama mnyororo huo.

Filamu iliyomtoa ni Pool of London ya mwaka 1951, iliyoongozwa na Basil Dearden. Cameron ni Johnny Lambert, baharia kutoka Jamaika, ambaye meli yake imetia nanga London kwa siku chache. Anapendana, kwa haya na kwa woga, na msichana wa Kizungu. Hakuna linalotokea baina yao ila mazungumzo na matembezi, lakini kwa mwaka huo hata matembezi yalikuwa makubwa. Wakati huohuo rafiki yake Dan anamkabidhi kifurushi amfichie. Ndani mna almasi za wizi. Johnny hajui. Anabeba tu, kwa sababu rafiki kamwomba. Naomba msomaji akiweke kifurushi hiki mahali, tutakihitaji.

Sasa Simba. Mwongozaji ni Brian Desmond Hurst. Stelingi ni Dirk Bogarde, kijana Mwingereza anayewasili Kenya na kukuta kaka yake ameuawa na Mau Mau. Mandhari zilipigwa Kenya, lakini waigizaji wenyewe walifanya sehemu kubwa ya kazi yao katika studio za Pinewood, karibu na London. Kwa hiyo huyu Karanja wetu, Mgikuyu wa mbao na rangi, alizaliwa Pinewood na akafia Pinewood.

Filamu inaanza hivi. Mwafrika anaendesha baiskeli barabarani, taratibu, jua linawaka. Anasikia mtu anaugua. Anashuka. Mzungu amelala chini ana majeraha, anaomba msaada. Yule wa baiskeli anamwendea, na wewe mtazamaji unadhani atamwinua. Anatoa panga, anammalizia. Kisha anarudi kwenye baiskeli yake. Dakika mbili hivi, hata jina la filamu hujalisoma vizuri, na tayari umeshafundishwa: usimwamini yeyote mwenye rangi hii, hata yule anayeonekana anapita njia tu.

Baada ya hapo filamu inagawa dunia mafungu mawili. Wazungu wanakutana mchana, ndani ya chumba, wanabishana kwa zamu, mmoja mkali, mwingine mwenye huruma. Wale wengine wanakutana usiku, msituni, kwa moto na kiapo, na hakuna anayebishana. Lakini waliotunga hawakuwa wajinga. Walijua kwamba filamu ya namna hiyo peke yake ingekuwa tangazo la serikali. Ikabidi awepo Mwafrika mmoja mwema, ndipo mtazamaji wa London arudi nyumbani akijiona mtu wa haki. Mwema huyo ndiye Karanja. Amesoma, anatibu watu zahanati, anaongea Kiingereza safi, walowezi wanamshuku naye anavumilia. Kumbe baba yake mzazi, ambaye ni mkuu wa kijiji, ndiye kiongozi wa siri wa Mau Mau, yule anayeitwa Simba. Karanja anapolijua hilo anamtaja baba yake kwa Wazungu. Mwishoni anasimama mbele ya kundi lenye silaha kulisihi lirudi nyuma, na anakufa.

Tuwe wakweli. Watu kama Karanja walikuwepo. Walikuwepo Wagikuyu waliokataa kiapo kwa imani yao ya Kikristo, na baadhi wakauawa kwa kukataa. Usiku wa tarehe 26 Machi 1953 kule Lari watu wengi, wake kwa watoto, walichinjwa na kuchomewa ndani ya nyumba zao, na waliofanya hivyo ni Mau Mau. Wengine tena wakauawa katika kulipiza kisasi, na hao waliuawa na upande wa serikali. Anayesema kwamba filamu ni ya uongo kwa sababu imeonyesha damu mikononi mwa wapiganaji, huyo naye anataka uongo wake mwenyewe.

Uongo wa Simba uko katika yale yaliyoachwa. Ardhi haimo. Hakuna anayeuliza shamba lile zuri la marehemu kaka lilikuwa la nani kabla. Kambi za kizuizini hazimo. Hali ya hatari ilitangazwa mwezi Oktoba 1952, na filamu ilipotoka, Operesheni Anvil ya Aprili 1954 ilikuwa imekwisha kuwazoa makumi ya maelfu ya watu mitaani Nairobi na kuwatia nyuma ya senyenge. Kitanzi hakimo pia. Mwanahistoria David Anderson, katika kitabu chake cha mwaka 2005, amehesabu watu 1,090 walionyongwa kwa hukumu za mahakama katika vita vile. Raia wa Kizungu waliouawa na Mau Mau ni 32. Wapiganaji waliouawa, kwa hesabu ya serikali yenyewe, wanazidi 11,000. Sasa ukichukua vifo 32 ukavijaza kiwambo kizima, na vile vingine ukavifungia nje ya mlango, hujasema neno hata moja la uongo, na bado umedanganya nchi nzima. Ilichukua hadi mwezi Juni 2013 serikali ya Uingereza kusimama bungeni na kusema kwamba inajutia mateso yale, na kukubali kuwalipa wazee 5,228 jumla ya pauni milioni 19.9. Miaka hamsini na minane baada ya Simba!

Basi Cameron anahusikaje? Jambo hili tulilibishania sana katika baraza letu la waandishi, na sababu iliyotufanya tubishane si mapenzi ya sinema za kale. Mwenzetu mmoja, mwigizaji, kijana wa Pwani, amepewa skripti na watu wa nje wanaokuja kupiga filamu huku kwetu. Nafasi yake ni ya gaidi. Hana jina katika skripti, ameandikwa kwa namba. Ana maneno kumi na moja, manne kati yake ni kelele. Malipo ni zaidi ya alichopata kwa miaka miwili ya kuigiza jukwaani. Baba yake anaumwa figo. Alituuliza, nifanye nini? Tukaanza kumjibu kwa kumzungumzia Earl Cameron, kwa sababu ni rahisi zaidi kumhukumu aliyekwisha kufa.

Hoja ya kwanza iliyotolewa ni ya nyundo. Mwigizaji ni chombo. Anayepiga ni mwandishi, mwongozaji na mwenye fedha, nyundo haina dhambi. Hoja hii naikataa mapema. Nyundo haisomi skripti usiku ikafikiri namna ya kuitamka. Kama mwigizaji ni nyundo basi tusimsifu pia anapofanya vizuri. Huwezi kuchukua sifa ukaacha dhamana, vitu hivi viwili hutoka mfuko mmoja.

Hoja ya pili: kama si yeye, angechukuliwa mwingine. Ni kweli, angechukuliwa. London ya wakati ule haikukosa waigizaji weusi waliokaa bila kazi. Orlando Martins, Mnaijeria, ndiye aliyecheza baba yake Karanja katika filamu hiyohiyo. Lakini hoja hii ukiifuata hadi mwisho wake hakuna tena mtu mwenye kosa popote duniani. Askari atasema hivyo, mnyongaji atasema hivyo, karani aliyepiga chapa orodha ya watu wa kizuizini naye atasema kama si mimi angekuwa mwingine. Wote watakuwa wamesema kweli. Na bado kazi imefanyika, na imefanywa na mikono ya mtu fulani.

Ya tatu ni njaa, na hapa ndipo nilipopunguza sauti. Cameron mwenyewe alieleza uzeeni kwamba enzi zile, skripti isiposema wazi kuwa mtu huyu ni mweusi, hakuna aliyefikiria kumpa nafasi mweusi. Daktari, karani, jirani, mteja wa dukani, wote walikuwa weupe bila hata kuandikwa kuwa ni weupe. Kilichobaki ni filamu za Afrika, yaani Afrika ya Pinewood. Ukikataa hizo, unarudi kuosha vyombo. Mtu atakayesema "angekataa tu" aseme pia yeye mwenyewe mwaka huu amekataa nini, na kilimgharimu shilingi ngapi.

Na wakuu wetu je? Mwaka 1935 ilitoka filamu ya Sanders of the River, ya Zoltan Korda, inayomsifu mtawala wa Kizungu anayewaongoza Waafrika kama watoto. Stelingi mweusi alikuwa Paul Robeson. Na kati ya watu waliojazwa nyuma, katika umati wa machifu, alikuwemo mwanafunzi mmoja Mgikuyu aliyekuwa akiishi London kwa shida ya fedha. Jina lake Jomo Kenyatta. Ndiyo, ni yuleyule. Mwaka 1953, baada ya kesi ya Kapenguria, alihukumiwa kifungo cha miaka saba kwa madai ya kuiongoza Mau Mau. Sijawahi kumsikia mtu akisema kwamba Mzee aliisaliti Afrika kwa kusimama mbele ya kamera akapokea posho. Kwa nini? Kwa sababu alifanya mengine mengi baadaye, au kwa sababu alikuwa nyuma ya umati na uso wake hauonekani vizuri? Kama ni hilo la pili, basi tunapima hatia kwa ukubwa wa uso kwenye kiwambo, na hiyo ni hesabu ya ajabu.

Robeson alijuta hadharani kuhusu filamu ile. Na mwaka 1942, baada ya Tales of Manhattan, aliachana na sinema za Hollywood kwa sababu ya namna zilivyomwonyesha mtu mweusi. Huu ni mfano mzuri na ulitajwa katika baraza kwa kelele nyingi. Lakini Robeson alikuwa na sauti iliyojaza kumbi za dunia. Akiacha sinema anaimba. Kukataa nako kunataka mtaji. Simpunguzii Robeson heshima, alilipa gharama kubwa baadaye kwa misimamo yake, hata paspoti alinyang'anywa. Nasema tu kwamba huwezi kuchukua kipimo cha mwenye milango mitatu ukampimia mwenye mlango mmoja.

Haya, kwa hiyo tumwachie? Mimi nilikuwa karibu kumwachia, mpaka nilipoiangalia Simba mara ya pili na kugundua jambo lililonikera zaidi ya yote. Cameron ni mzuri mno. Ndani ya filamu ile iliyojaa watu wanaokemea, yeye ndiye ametulia. Anaongea chini. Mlowezi akimtukana hajibu, anatazama tu, na katika kutazama kule unamwona mtu mzima mwenye mawazo yake, asiyeomba kupendwa. Bogarde ni nyota, lakini macho yanamfuata Karanja. Na hapo ndipo penye ubaya. Karanja angechezwa na mtu asiyejua kazi, filamu ingekufa na kusahauliwa, mtazamaji angesema huyu ni sanamu. Kwa kuwa amechezwa na mtu aliyempa roho, mtazamaji anaamini. Anaamini kwamba Mwafrika mwema yupo, kwamba anaumia, kwamba ni mwenzetu, na kwamba wema wake ni kumtaja baba yake kwa polisi. Utu wote ambao Cameron alimtilia Karanja ulikwenda kumfanyia kazi mwenye shamba.

Hili ni jambo gumu kulimeza kwa mtu anayependa sanaa. Sisi tumezoea kuamini kwamba ufundi ukiwa wa kweli basi unasukuma upande wa haki. Kumbe ufundi ni kama maji, utamwagilia shamba la yeyote aliyechimba mfereji.

Mwaka uliofuata, 1956, Cameron alicheza katika filamu nyingine ya Mau Mau, Safari, ya Terence Young. Hii ilipigwa Kenya kwenyewe. Huko anaitwa Jeroge. Hata jina la Njoroge lilimshinda mwandishi, sijui nani aliombwa ushauri. Jeroge ni mtumishi wa nyumbani anayeaminiwa, kumbe amekula kiapo, naye anamuua mtoto wa bwana wake. Kwa hiyo katika muda wa miaka miwili uso uleule ulikuwa Mgikuyu mwema anayewafia Wazungu na Mgikuyu mbaya anayewaua. Ukizitazama filamu hizi mbili kwa pamoja, wema na ubaya wote unaonekana kama koti la studio, leo unavaa hili, kesho lile, na wote wawili unapimwa kwa kitu kimoja: umemfanyia nini Mzungu? Karanja hana maisha nje ya swali hilo. Jeroge naye hana. Hatujui Karanja alipenda chakula gani. Hata mwaka 1964, katika Guns at Batasi, filamu ya nchi ya Kiafrika isiyotajwa jina iliyokwisha kupata uhuru, Cameron ni Kapteni Abraham, ofisa mwaminifu aliyejeruhiwa, ambaye Waingereza wanamficha asikamatwe na waasi. Karanja yuleyule, safari hii ana magwanda.

Tukirudi kwenye kile kifurushi cha Johnny Lambert. Johnny hakujua alichobeba, kwa hiyo hana hatia, mtoto mdogo atakuambia hivyo. Mwigizaji yeye amesoma skripti, kifurushi kimefunguliwa mbele yake. Hapa alikuwepo mtu katika baraza aliyeruka: "Basi, ana hatia!" Taratibu. Skripti ya Simba hairejei ardhi wala kambi. Mtu anayeisoma anaona daktari mwenye heshima katikati ya mauaji ambayo kweli yalitokea. Ili aone kilichokosekana ilibidi ajue kutoka mahali pengine. Je, Mbermuda wa London mwaka 1954 angeweza kujua? Nadhani angeweza, kwa taabu kidogo. Fenner Brockway alikuwa akipiga kelele bungeni kuhusu Kenya, na Barbara Castle akafuata. Wanafunzi wa Kiafrika walikuwepo mjini. Habari hazikuwa zimefichwa kabisa, zilikuwa zimefichwa kwa yule asiyezitafuta, na huo ndio ufichaji wa kawaida duniani.

Kwa hiyo hukumu yangu, kwa vile nimeshajitia kimbelembele cha kuwa kadhi, ni hii. Cameron hana hatia ya uongo wa Simba. Hakuutunga, hakulipwa faida yake, na hakuwa na mlango mwingine. Lakini dhamana anayo, na dhamana si hatia. Hatia huishia kwa adhabu au msamaha. Dhamana hukaa nawe ukaifanyia kazi. Mtu aliyebeba mzigo wa mwingine bila kujua uzito wake, akija kuujua, hadaiwi kulia, anadaiwa kwamba safari ijayo auchungulie kwanza.

Alifanya hivyo? Ndani ya roho yake sikuingia. Naona kazi tu. Mwaka 1959 alikuwa katika Sapphire, filamu ya Dearden iliyopata tuzo ya filamu bora ya Uingereza. Humo ni daktari tena, lakini daktari huyu ni kaka wa msichana aliyeuawa London, msichana ambaye watu walimdhania mweupe, na safari hii chuki inayochunguzwa ni ya Waingereza wenyewe. Mwaka 1961, katika Flame in the Streets, ni mfanyakazi wa kiwandani anayestahili kupandishwa cheo na wenzake weupe hawataki. Daktari wa Sapphire na mfanyakazi huyu wana maisha yao. Mwaka 1966 alikuwa mwanaanga katika Doctor Who ya televisheni, na hakuna aliyesimamisha hadithi kueleza kwa nini mweusi amepanda chombo. Mwaka 1976 alikuwa Annajashi, mfalme wa Uhabeshi aliyewapa hifadhi Waislamu wa mwanzo, katika The Message ya Moustapha Akkad. Wengi wetu tuliokulia Pwani tumeiona ile kanda mpaka ikakwaruza, na hatukujua kwamba mfalme yule mwadilifu ndiye Karanja. Anakaa juu ya kiti chake, wakimbizi na wanaowafukuza wote wako mbele yake, na uamuzi ni wake. Ni Mwafrika anayehukumu, si anayehukumiwa. Ule utulivu ni uleule wa Pinewood, haukuongezwa kitu. Kilichobadilika ni mfereji.

Mwaka 1979 alihama Uingereza, akaenda kuishi visiwa vya Solomon kwa ajili ya dini yake ya Kibahai, na akarejea miaka ya 1990. Watu walidhani habari yake imekwisha. Mwaka 2005, akiwa na miaka themanini na kitu, akatokea katika The Interpreter ya Sydney Pollack. Ni Zuwanie, rais wa nchi ya kubuni iitwayo Matobo, aliyekuwa mkombozi na sasa ni mchinjaji wa watu wake. Lugha ya nchi hiyo, Ku, ilitungwa kwa kuchota katika lugha za Kibantu za Mashariki na Kusini mwa Afrika, ndiyo maana sikio la Mswahili linashtuka mara mojamoja. Kuna mahali ambapo mkalimani, aliyechezwa na Nicole Kidman, anamshikia Zuwanie bastola na kumlazimisha asome kwa sauti maneno aliyoyaandika mwenyewe zamani, alipokuwa bado kijana wa ukombozi. Mzee anasoma. Sauti inakwama.

Unaweza kusema hii nayo ni picha ya mtawala Mwafrika mbaya, na mkombozi ni mwanamke wa Kizungu. Ni kweli, nami nililiona. Lakini huyu Zuwanie, tofauti na Simba wa msituni, ana historia. Alikuwa kitu, akawa kingine, na anakijua. Kwa maneno machache yale unamwona mtu anayehukumiwa na kijana aliyekuwa yeye. Sisi ambao tumewaona wakombozi wetu wakizeeka madarakani hatuwezi kusema kwamba tumesingiziwa.

Kijana wetu wa Pwani alinisikiliza haya yote kwa adabu, kisha akaniambia, "Kaka, mimi sina miaka hamsini ya kusubiri nipewe ufalme wa Uhabeshi. Nina wiki moja." Sikuwa na jibu la haraka. Nilimuuliza kama amesoma skripti nzima. Akasema hapana, wamempa kurasa zake tu, nne. Nikamwambia awaandikie kuomba zilizobaki. Akaniuliza, wakikataa? Nikamwambia basi huo ni mzigo uliofungwa, na ajue anaubeba ukiwa umefungwa. Na wakikubali, akaona anachotakiwa kukisukuma, aombe yule gaidi apewe jina. Alicheka, akasema jina litabadilisha nini. Nilimwambia sijui, lakini waliotunga Simba walijua kwa nini baba yake Karanja anajulikana zaidi kwa jina la mnyama.

Barua ameiandika jana, tumesaidiana Kiingereza. Figo za baba yake zinasafishwa mara mbili kwa wiki, na kila mara ni fedha. Filamu nimemwekea kwenye flashi, zote tatu, Pool of London, Simba na The Message. Amesema ataanza na ya Annajashi kwa sababu anaikumbuka, kisha arudi nyuma.